Madumu ya Nahodha na Oili ya Gia

Mpwa wangu anafanya biashara Kibiti. Hivi karibuni alinunua Noah ya otomatiki iliyotumika Japani, na kabla hajaipakia mzigo wa kwanza akanipigia simu. "Anko, fundi mmoja ananiambia nibadilishe oili ya gia boksi leo leo. Mwingine anasema nikithubutu kuigusa, gia zinakufa. Nimsikilize yupi?"

Nikamwuliza gari limetembea kilomita ngapi. Akanitajia namba ya kwenye dashibodi. Nikamwuliza hizo kilomita zilitembelewa wapi, na gari likibeba nini. Akacheka. "Sasa anko, hayo nitayajulia wapi?"

Swali hilo sikulipata kwenye magari. Nililipata Maparoni, ndani ya delta ya Rufiji, miaka mingi kabla sijamiliki hata baiskeli. Maparoni ya wakati ule gari lilikuwa halifiki.

Nilipelekwa huko mwishoni mwa miaka ya 1990, mwalimu mpya wa shule ya msingi mwenye begi moja na barua ya kupangiwa kituo. Kibiti bado ilikuwa ndani ya Wilaya ya Rufiji, na daraja la Mkapa lilikuwa halijajengwa. Aendaye Lindi alisubiri kivuko pale Ndundu. Sisi wa delta tulikata kushoto Bungu, tukaifuata barabara ya Nyamisati, ambayo ni mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, halafu tukaingia kwenye boti. Kutoka hapo barabara ni maji. Mto unagawanyika matawi mengi kabla ya kumwaga baharini mkabala na Mafia, na kati ya matawi hayo umesimama msitu mkubwa wa mikoko kuliko wowote Afrika Mashariki. Huendi unapotaka; unaenda maji yanapokuruhusu. Bamvua likiwa kubwa unapita vijito ambavyo siku za maji mafu hata mtumbwi unakwama.

Chombo kilichotubeba mara nyingi kilikuwa cha mzee mmoja, mwenye mali na nahodha mwenyewe. Alikuwa na mashine ya kupachika ya nguvu za farasi 40. Kwenye ukuta wa baraza yake kulikuwa na mistari ya mkaa, minne iliyosimama na wa tano ukiikata. Mwanzoni nilidhani ni hesabu ya wadeni wake. Kumbe kila dumu la petroli la lita 20 lililoishia kwenye mashine alilichorea mstari. Mistari ikitimia idadi aliyojiwekea, chombo kinaegeshwa na oili ya gia inabadilishwa, abiria wapende wasipende.

Nilimwuliza kwa nini hafuati kitabu. Vitabu vya mashine za aina ile, vingi vyake, hutaja saa 100 za kazi au miezi sita, mbali na badiliko la kwanza linalofanywa mapema sana mashine ikiwa mpya. Mashine yake haikuwa na mita ya saa. Na miezi hakuiamini.

"Mwalimu," akaniambia, "nikishuka na maji yanayokupwa mpaka mlangoni, mashine inanusa tu. Nikipanda kinyume cha mkondo na magunia ya mpunga, inakunywa mara mbili. Safari ni ile ile. Tarehe itayajulia wapi hayo?"

Nimesoma vitabu kadhaa vya ufundi tangu siku ile, na bado sijaona kipimo kinachonishawishi zaidi kwa mtu asiye na mita. Kinachoichosha oili ya gia ni joto na mzigo, na vyote viwili hulipiwa kwa mafuta. Umbali haujui kama ulipanda au ulishuka, kama ulibeba watu wawili au magunia kumi. Dumu linajua.

Kazi yenyewe niliishuhudia maji yakiwa yamekupwa, chombo kimelala topeni. Sehemu ya chini ya mashine, ile inayozama majini na kubeba pangaboi, ndimo gia zilimo: shafti inashuka wima kutoka kwenye injini, meno ya pinioni yanaigeuza nguvu ielekee nyuma, na klachi ya meno iliyo katikati inachagua mbele au kinyume. Vyote hivyo vinaogelea kwenye oili isiyofika nusu lita. Mzee alifungua skrubu ya chini kwanza, kisha ya juu ili hewa iingie, oili ikashuka kwenye kifuu cha nazi. Akaitazama rangi. Akaisugua kati ya vidole. Akaangalia ncha ya skrubu, ambayo ina sumaku, kuona imekamata nini. Oili mpya, namba 90, aliiingiza kwa tundu la chini huku akiisukuma kwenda juu, mpaka ilipochungulia kwenye tundu la juu. Ukimimina kutoka juu, alinieleza, hewa inabaki ndani na utadhani umejaza.

Kisha akalichomoa pangaboi. Hilo sikulielewa; oili ilikuwa imeshabadilishwa. Akanionyesha nyuma yake uzi wa mshipi wa nailoni uliojisokota kwenye shafti, umekazwa mpaka umekuwa mgumu. Delta ni ya wavuvi, kambamiti ndio riziki, na vipande vya nyavu na mishipi vinaelea kila mahali. Uzi ule huila oili sili taratibu. Siku sili inapokatika, maji ya chumvi yanaingia kwenye gia na chombo kinaendelea kwenda vizuri tu, hakilii wala hakitikisiki. Ndiyo maana alitaka kuiona oili kwa macho yake kila madumu yakitimia. Oili iliyoingiwa na maji huwa kama chai ya maziwa, na ukiiona hivyo mapema unabadilisha sili, unaendelea na safari zako.

Delta ina historia ndefu ya mashine zinazosumbua. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha humo baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba. Moja ya injini zake ilikuwa imeharibika. Vipande vilivyovunjika vilisafirishwa kwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam, vikatengenezwa karakana na kurudishwa, na wakati huo wote Waingereza walikuwa wakiitafuta. Walipoipata waliziba milango ya mto, na Julai 1915 Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Wazee wa Maparoni walikuwa na masimulizi yao kuhusu meli ile, yasiyolingana. Lililokuwa likinishangaza mimi ni dogo: fikiria kubeba chuma cha injini kutoka kwenye mikoko ile hadi Dar es Salaam enzi zile. Mashine ikikufia ndani ya delta, bei yake si ya kipuri peke yake.

Bei hiyo niliionja kwenye chombo kingine. Mwisho wa mwezi walimu tulikuwa tukirudi na mishahara yetu, na yule mzee alikuwa ameegesha kwa sababu ya mistari yake. Tukapanda boti ya tajiri mmoja aliyekaa mjini, akiendesha kijana. Hali ilikuwa nzuri hadi tulipoingia kijito cha ndani, kisha tukasikia mkwaruzo chini, na injini ikaanza kulia kwa nguvu bila boti kwenda popote. Gia ya mbele ilikuwa haishiki tena. Maji yalikuwa yanakupwa. Kijana akachukua pondo, tukasaidiana, lakini mkondo ukatuzidi na tukakalia tope chini ya mikandaa. Usiku ule mbu walikuwa na karamu. Tulisubiri maji yajae tena, tukasukuma kwa pondo hadi pakapambazuka.

Mguu wa mashine ulipofunguliwa ulitoa maji kwanza, kisha uji wa kutu. Beringi ilikuwa imeliwa, meno ya gia yamekatika. Watu walimlaumu kijana. Mimi nilikaa naye gatini siku zilizofuata na nikamsikiliza. Alikuwa anatakiwa kupeleka hesabu kila wiki. Petroli ilitolewa kwenye mapato. Oili ya gia haikutajwa popote katika makubaliano yao. Akiona imepungua alikuwa akiongeza kidogo kutoka mfukoni kwake, na kuegesha siku nzima hakuweza kwa sababu siku hiyo pia ilikuwa na hesabu. Kuongeza ndiko kulikomfichia tatizo. Oili ya gia haichomwi kama petroli; ikipungua, kuna mahali inatokea, na palipo na njia ya kutokea mara nyingi pana njia ya kuingilia. Kijana alikuwa akiziba dalili kwa fedha zake mwenyewe.

Boti mbili, mto mmoja, mashine za aina moja. Tofauti ilikuwa kwamba kwenye boti ya kwanza anayeumia mashine ikifa ndiye anayeshika usukani, na kwenye ya pili anayeumia yuko mjini. Nimeliona jambo hilo tena kwenye daladala, kwenye bajaji, kwenye malori ya mkaa na kwenye magari ya ofisi za umma, ambako anayeendesha na anayelipa ni watu wawili wasioongea kuhusu oili.

Baadaye nilihamishiwa Kibiti mjini nikapanga chumba jirani na gereji. Fundi wa pale alikuwa mtu wa maneno machache. Akishusha oili ya gia boksi ya manyuo huitandaza kwenye kigae cheupe cha bafuni na kukielekeza juani. Vumbi la rangi ya dhahabu halikumtisha: ni shaba ya ringi zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijaingia, nayo hulika kidogo kidogo maisha yote ya gari. Vipande vya chuma vinavyokamatwa na sumaku vilimtisha. Alikuwa mkali pia juu ya daraja la oili. Mteja akileta kopo la GL-5 kwa gia boksi inayotaka GL-4 alilikataa, kwa maelezo kwamba dawa iliyomo kwa ajili ya difu inaweza kuila shaba ile. Wengine walimwona mjuaji. Alikuwa sahihi.

Nilipokuwa nikimwangalia ndipo nilipoelewa kwa nini mambo yalibadilika magari ya otomatiki yalipojaa nchini. Kwenye manyuo, oili inalainisha na kupoza basi. Kwenye otomatiki oili ile nyekundu inalainisha, inapoza, na juu ya hayo ndiyo inayobeba nguvu kutoka kwenye injini na kuzibana klachi za ndani ili gia iingie. Ikichoka, anachoka mfanyakazi mwenyewe. Ni kimiminika cha ajabu kidogo: otomatiki za kwanza kutengenezwa kwa wingi ziliingia sokoni Marekani kwa modeli za mwaka 1940, na kwa miaka mingi oili yake ilichanganywa na mafuta ya nyangumi, kwa sababu hayakushindwa na joto na yalifanya klachi zishike bila kushtuka. Biashara ya mafuta hayo ilipopigwa marufuku huko mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakemia walilazimika kutafuta mbadala. Kila kiwanda tangu hapo kina mapishi yake. Ndiyo maana neno "haidroliki" tulilolizoea dukani halitoshi. Toyota nyingi za zamani zinataka T-IV, za baadaye WS. Na kuna Noah na Passo zenye CVT, ambamo hamna gia za kawaida, mna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. Mkanda huo unahitaji oili yake maalumu inayouruhusu kushika. Ukiuwekea ya otomatiki ya kawaida, unateleza na kujila.

Sasa wale mafundi wawili wa mpwa wangu. Anayesema "ukigusa gia zinakufa" hajaitoa hewani. Amewaona wateja waliokuja gia zikiwa zimeshaanza kuteleza, oili nyeusi inanuka kuungua, wakabadilishiwa, na wiki moja baadaye gari likagoma. Lakini gari lile lilikuja likiwa limekwisha. Klachi zilikuwa zimebaki karatasi, na vumbi lake lililoelea kwenye oili chakavu ndilo lililokuwa likizisaidia kushika. Oili mpya iliondoa msaada huo tu. Ubaya unaongezeka fundi akitumia mashine ya kusukuma oili kwa presha, ikatibua uchafu na kuupeleka kwenye vijia vyembamba vya vali. Anayesema "badilisha leo leo" naye yuko sawa kwa gari ambalo bado ni zima. Kasoro yake ni kwamba hakuuliza kama ni zima.

Kisha kuna wauzaji wanaosema oili hii ni ya maisha. Ya maisha ya nani? Mnunuzi wa kwanza wa gari kule Japani analitumia kwa miaka kadhaa kwenye lami na kuliuza. Sisi ndio tunaolipokea kwa maisha yake ya pili na ya tatu, tukalipitisha Bungu hadi Nyamisati na magunia juu.

Aprili 2024, mafuriko yalipoikumba Rufiji na Kibiti, nilikwenda kuwaona jamaa zangu. Kila mtu alihangaika na injini, plagi na nyaya. Gia boksi hazikuulizwa. Lakini gia boksi ina tundu la kupumulia, na ikiwa ya moto ikazama kwenye maji baridi, hewa iliyomo inasinyaa na kuvuta maji ndani. Kwenye otomatiki maji hayo hayaishii kuleta kutu. Yanalegeza gundi inayoshikilia karatasi za klachi. Gari lililozama mpaka kwenye gia boksi halina kilomita za kusubiri. Oili itoke kabla halijaendeshwa tena, hata kama ilibadilishwa jana.

Nilimpigia mpwa wangu. Nilimwambia apashe gari moto kwa mwendo wa kutosha, alisimamishe mahali tambarare injini ikiwa inanguruma, apitishe mkono wa gia kila mahali, ndipo achomoe stiki na kuifutia kitambaa cheupe. Zipo Toyota nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zisizo na stiki. Ingekuwa hivyo ningemtaka amtafute fundi anayejua kupima kwa tundu la pembeni. Yake ilikuwa nayo. Oili ilikuwa ya kahawia, haijanuka kuungua, na gia zinaingia bila kuchelewa. Basi abadilishe, kwa kuishusha kwenye sampu na filta mpya, bila presha. Kwa njia hiyo inatoka sehemu tu, nyingine inabaki kwenye tokikonveta, kwa hiyo aendeshe wiki kadhaa na kurudia. Angekuta nyeusi, inanuka na gia zinateleza, ningemshauri aweke fedha ya oili kwenye akiba ya gia boksi nyingine.

"Halafu nibadilishe tena lini?" akauliza.

Nilimwambia atunze risiti za mafuta. Kitabu cha gari kikisema mapema zaidi, akifuate kitabu. Mimi kwa kazi za Kibiti nahesabu lita 4,000. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litazimaliza kwenye kilomita 40,000. Likibeba mzigo mchangani, likashuka hadi kilomita 7 kwa lita, zitaisha kwenye kilomita 28,000, na hapo ndipo zamu yake.

Tena gari hilo anataka kumpa kijana aliendeshe kwa hesabu. Kwa yeye na kwa kila mwenye chombo aliye mjini, ombi langu ni moja: siku mnapokabidhiana funguo, andikeni kwenye karatasi nani ananunua oili ya gia, baada ya lita ngapi za mafuta, na kwamba siku ya kuibadilisha hesabu haidaiwi.